Mdumbi au Bulungula? Wiki moja kwenye pwani ya mawimbi, Afrika Kusini

Binamu yangu wa Malindi alinitumia picha mbili usiku, na chini yake maneno manne: "Dada, tofauti yake nini?" Picha zote mbili zina misonge juu ya kilima chenye majani mafupi, bahari kwa nyuma, na ng'ombe waliojilaza mchangani kama watalii. Ya kwanza ni Mdumbi. Ya pili ni Bulungula. Zote ni sehemu za kijijini zenye loji ya wageni, kwenye pwani inayoitwa Wild Coast, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na mtu mwenye miguu mizuri hutoka moja hadi nyingine kwa siku mbili tatu akifuata ufuo.

Ana siku saba mwezi wa Julai. Alianza kujifunza kusimama juu ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi mwaka jana, bado anaanguka zaidi kuliko anavyosimama, na hataki hoteli ya ghorofa wala baa inayopiga muziki hadi alfajiri. Mimi nafanya kazi Johannesburg na nimelala kote kuwili zaidi ya mara moja. Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa sauti. Ulipofika dakika ya kumi na moja nikaufuta. Jibu lenyewe ni hili.

Kwa asiye na subira: ukifuata wimbi, nenda Mdumbi. Ukifuata kijiji, nenda Bulungula. Wageni walionuna niliokutana nao huko, karibu wote, walikuwa wamekwenda moja wakitarajia ya mwenzake.

Kwani kwetu hakuna bahari?

Mama yake aliuliza hivyohivyo, na ni swali la haki. Tatizo ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania imekingwa na miamba ya matumbawe. Wimbi likitoka bahari kuu linavunjikia nje huko kwenye mwamba, na huku ndani panabaki maji ya ngalawa na watoto. Malindi ina nafuu kidogo kwa sababu Mto Sabaki unamwaga maji matamu na tope, na matumbawe hayapendi vyote viwili; pale palipo wazi, wimbi la kusi linaingia. Lakini wengi waliojifunzia hapo watakwambia ni wimbi la upepo: fupi, lenye haraka, lililovurugika kama uji usiokorogwa vizuri.

Wild Coast haina kinga hiyo. Dhoruba za kusini kabisa, huko karibu na barafu, zinasukuma mawimbi maelfu ya kilomita, na yakifika hapa yameshajipanga, moja nyuma ya jingine, na nafasi ya kupumua katikati. Juni hadi Agosti ndiyo miezi yake. Ni majira ya baridi huko, lakini baridi kavu. Mvua nyingi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, na barabara za udongo huwa shida tupu. Katika miezi hiyohiyo ya baridi dagaa wa sardini hupita kwa makundi makubwa, pomboo wakiwafuata, na nyangumi hupanda kaskazini kuzaa. Nimewahi kuacha chai ipoe kwa sababu ya mkia mmoja wa nyangumi.

Maji yenyewe yanaletwa na mkondo wa Agulhas, unaoteremka kutoka upande wa Msumbiji, kwa hiyo hayagandishi mtu. Hata hivyo nyuzi 18 hadi 20 za Julai si nyuzi 25 za kwetu. Mtu wa Cape Town akikuambia maji ya Wild Coast ni ya uvuguvugu, jua anayafananisha na ya kwao. Azima suti ya mpira, usione haya.

Njia

Kote kuwili unaanzia Mthatha, mji ulio kwenye barabara kuu ya N2. Kuna ndege kutoka Johannesburg na kuna mabasi ya usiku. Mkenya na Mtanzania hawahitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukitokea Kenya. Beba pia kichwa cha kuchomekea chaja, maana soketi zao ni za matundu matatu ya duara, na kile cha kwetu cha miguu ya mraba hakiingii. Mthatha ndipo pa kutoa randi za mkononi, kununua dawa, na kuwaambia wa nyumbani kwamba mtandao utakuwa wa kubahatisha. Dawa ya malaria huhitaji. Pwani hii haina malaria, na kwa mtu wa kwetu kulala bila chandarua ni starehe ambayo hakuna anayeiandika kwenye matangazo.

Kutoka Mthatha unateremka N2 kilomita 20 hivi hadi Viedgesville, kisha unakata kushoto kuelekea Coffee Bay, kijiji cha ufukweni kilicho katikati ya zote mbili. Ni lami, lakini lami yenye mashimo ya kuogea bata. Mbuzi, kondoo, punda na watoto wa shule wote wanaihesabu kuwa yao, na wana haki. Usiendeshe usiku. Hilo silisemi kwa ushauri wa jumla. Nalisema kwa sababu niliwahi kuchelewa Mthatha nikijadiliana bei ya parachichi, giza likanikuta njiani, na shimo moja likanitoa tairi mbili za upande mmoja kwa pigo moja. Kampuni iliyonikodisha gari, ambayo sitaitaja, ilinionyesha baadaye sentensi ndogo kwenye mkataba inayosema bima haigusi tairi. Soma sentensi ndogo.

Ya Mdumbi: ukikaribia pwani unaiacha lami na kushika njia ya changarawe. Gari dogo linafika, taratibu. Asiye na gari anaweza kupanda teksi za abiria Mthatha (huko teksi ndiyo matatu) hadi Coffee Bay na kupanga usafiri wa kumalizia.

Ya Bulungula: changarawe ni ndefu zaidi, vilima vimezidi, na kipande cha mwisho si cha gari la chini. Wageni wengi huacha magari mahali salama kijijini kabla ya kufika, wakachukuliwa, au hupanga mapema kuchukuliwa kutoka Mthatha. Usifike na sanduku la magurudumu. Nimemwona bibi mmoja wa Kijerumani akiliburuta lake katikati ya mashamba ya mahindi, vijana wawili nyuma yake wakimwomba awape walibebe kichwani, naye akidhani wanataka kumwibia. Mwishoni alicheka kuliko wote.

Kwa njia, basi, Mdumbi ina nafuu. Kama una siku tatu tu, hapo ndipo uamuzi unapoishia: Bulungula kwa siku tatu ni kulipa safari kuliko kukaa.

Bahari, ambako ndugu zangu wengi wanakosea

Mdumbi ni rasi. Kuna pua ya mawe inayoingia baharini, na wimbi linalotoka kusini linaigonga ile pua, linapinda kuizunguka, kisha linaanza kuvunjika kutoka ncha moja kuelekea ndani, polepole, kama mtu anayefungua mkeka. Anayeteleza anakwenda kulia. Chini ni mchanga, si miamba ya kukuchana. Na kwa kuwa wimbi linavunjika mahali palepale kila mara, mwanafunzi anajua pa kukaa na pa kusubiri. Hilo ndilo linalompa mtu maendeleo: kurudia jambo moja mara arobaini kwa siku.

Nitaeleza wimbi moja tu. Asubuhi, saa moja na nusu, upepo ukitoka bara na kuyanyoosha maji kama shuka lililopigwa pasi. Nimelala kifudifudi juu ya ubao mkubwa wa sponji, wa kuazima, wenye alama za meno ya mbwa kwenye pembe. Nyuma yangu maji yananyanyuka bila kelele. Napiga mikono mara nne, tano. Ubao unaanza kukimbia wenyewe, na hapo ndipo wanaoanza hushtuka wakaacha kupiga. Ukiongeza mara mbili zaidi, unasikia ubao umeshikwa. Nasimama kwa magoti kwanza, jambo ambalo mwalimu amenikataza siku nzima, kisha kwa miguu. Kulia kwangu ukuta wa maji unaendelea kuwepo. Malindi ungekuwa umeshaanguka wote kwa pamoja, hapa unakusubiri. Naukumbuka mkojo wa ng'ombe uliokuwa ukinuka kutoka ufukweni, na nilivyopiga kelele peke yangu mithili ya mtoto.

Zikija siku za mawimbi makubwa za Julai, kaa kilimani na kikombe chako uwatazame wenye kujua. Hakuna aibu.

Bulungula ina bahari nzuri zaidi kwa macho, nasema bila kigugumizi: ufuo mrefu, mtu haonekani, mto unaoingia baharini kwa ulegevu, vilima nyuma. Lakini ni ufuo wazi. Mawimbi yanavunjikia kwenye mafungu ya mchanga yanayohama, leo hapa, kesho kule, mara nyingi yote kwa mkupuo. Mwenye uzoefu na ubao wake atapata siku yake. Anayejifunza atapigwa chini, atameza maji, na jioni ataandika kwamba "mawimbi hayakuwa mazuri." Hayakuwa yake. Kinachofaa hapo ni kupanda mto kwa mtumbwi maji yakijaa, kuoga kwenye maji matulivu ya mdomo wa mto, kupanda farasi ufukweni, au kutembea tu hadi uchoke.

Mambo mawili ni ya kote kuwili. Kwanza, usitarajie mlinzi wa kuokoa watu. Ukiona njia ya maji meusi, yaliyotulia, katikati ya mawimbi meupe, usiifurahie. Huo ni mkondo unaotoka nje. Ukikuchukua, usishindane nao kurudi. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie, ndipo urudi. Siku za bamvua uwe mwangalifu maradufu.

Pili, papa. Wapo, kama walivyopo kwetu. Huko kaskazini, Port St Johns, ufuo wa Second Beach ulipata sifa mbaya baada ya watu kadhaa kuuawa tangu 2007. Papa wa pale hupenda midomo ya mito na maji ya tope. Kwa hiyo mvua ikinyesha bara na mto ukiteremsha maji ya rangi ya kahawa, usiingie, na usiingie jioni. Waulize watoto wa pale. Wao ndio wanaoingia kila siku.

Kijiji, choo, na bafu linalonguruma

Hapa mizani inageuka.

Mzungu akisafiri kwenda mahali "pa asili" anakwenda kuona vitu asivyovijua: moshi, giza, maji ya ndoo, jogoo. Sisi tumevijua. Bulungula kuna matembezi mashuhuri yanayoongozwa na akina mama wa kijiji: unapakwa udongo usoni, unateka maji na kubeba ndoo kichwani, unaokota kuni, unafyatua tofali za udongo, kisha mnapika na kula. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Bibi yangu Rabai angeniuliza ni wazimu gani unaomfanya mtu alipe nauli ya ndege akabebe ndoo.

Nikaenda kwa ukaidi. Ndoo nikaibeba bila mikono, na wale mama wakasimama, wakanitazama, wakapiga vigelegele. Kuanzia hapo sikuwa mgeni wa kuonyeshwa. Tuliketi jikoni tukilinganisha maneno. Maji wao ni *amanzi*, nyama ni *inyama*, kuku ni *inkuku*, watu ni *abantu*, mvua ni *imvula*, mti ni *umthi*, nyoka ni *inyoka*. Ni Kixhosa, lugha yenye vidoko, zile sauti za kupiga ulimi, ambavyo ulimi wangu haukuviweza, lakini chini yake kuna nyumba yetu sote. Chakula kilipoletwa kilikuwa *umngqusho*: mahindi yaliyotwangwa yakapikwa na maharagwe. Makande. Githeri. Nilitaka kulia na kudai kachumbari.

Kwa hiyo kwa mtu wa kwetu usiulize ni wapi "pa asili" zaidi. Uliza ni wapi utakapoishi na watu, na ni wapi utakapoishi karibu nao. Bulungula haina uzio kati ya loji na kijiji cha Nqileni. Ng'ombe wanapita mlangoni, watoto wanapita, bibi anapita na mzigo wake na kukusalimu *molo*. Mkiwa wawili ni *molweni*. Shukrani ni *enkosi*. Ukizijua tatu hizo umeshavuka nusu ya mto.

Tena uliza mali ni ya nani. Bulungula Lodge ilifunguliwa 2004, kijiji kikiwa na hisa asilimia 40. Tangu 2014 ni ya jamii kwa asilimia 100. Matembezi ya farasi, mtumbwi na mengineyo yanaendeshwa na wanakijiji wenyewe, na unamlipa mwenye farasi, si tajiri wa mbali. Kando ya loji lilizaliwa shirika la Bulungula Incubator mwaka 2007, ambalo limeleta shule za chekechea, na mwaka 2019 ikafunguliwa sekondari, Bulungula College, mahali ambapo kabla ya hapo watoto walikuwa wakiacha masomo kwa umbali. Mdumbi nayo ina moyo wa namna hiyo: loji yake inashirikiana na kijiji cha Tshani, na humo lilitoka shirika la Transcape linaloshughulika na elimu na afya. Lakini ukinilazimisha kupanga, ile ya umiliki kamili naiweka mbele. Neno "rafiki wa mazingira" nimeliona kwenye mabango ya hoteli zinazomwaga maji machafu baharini usiku. Ninayemwamini ni mtu ambaye watoto wake watakunywa maji yaleyale.

Na watu wa pwani hii wamethibitisha. Mwaka 2021 kampuni ya mafuta ya Shell ilipotaka kupiga milipuko ya sauti chini ya bahari kutafuta mafuta na gesi, jamii za hapa, wavuvi na waganga wa jadi wakiwemo, zilikwenda Mahakama Kuu ya Makhanda na Desemba ile kazi ikasimamishwa. Mwaka uliofuata mahakama ikatamka kwamba kibali chenyewe kilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa wenye bahari hawakuulizwa ipasavyo. Kesi iliendelea kwenye ngazi za juu. Mimi nikila kome walioopolewa na mama asubuhi maji yakipwa, nakumbuka kesi hiyo kuliko paneli za jua.

Paneli, hata hivyo, zipo. Umeme wa Bulungula ni wa jua, na Afrika Kusini ilipokuwa ikizimiwa umeme kwa zamu, huko hapakuwa na habari. Choo ni cha mboji: hakivuti maji, hakinuki, na kinakupa mwanga wa nje wa kutosha kufikiri maisha yako. Aliyekulia na choo cha shimo atazoea kwa dakika moja. Aliyekulia Nairobi kwenye fleti atahitaji siku.

Bafu ndilo kisa. Maji ya moto Bulungula yanatokana na kitu wanachokiita roketi. Kuna bomba la chuma lililosimama wima, na ndani yake linapita bomba la maji. Unamimina kipimo kidogo cha mafuta ya taa kwenye kikombe cha chini, unaweka kipande cha karatasi kuwa utambi, unawasha, unafungua maji. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu. Kisha linaanza kunguruma, *vuuuu*, sauti ya ndege inayotaka kuruka, na maji yanakuja ya moto kabisa. Una dakika chache hadi mafuta yaishe. Jipake sabuni kwanza, ndipo uwashe. Mimi nilifanya kinyume na nikamaliza kwa maji ya Julai, nikitamka majina ya mababu. Mtu wa mazingira atasema mafuta ya taa ni mafuta ya taa. Kweli. Lakini ni kikombe kimoja, na unaona kwa macho ulichochoma. Maji ya moto ya kuogea nyumbani kwako unajua yamekula nini?

Tahadhari moja ya adabu. Miezi ya Juni na Julai ni msimu wa jando. Ukikutana na vijana waliojipaka udongo mweupe na kujifunika mablanketi, usipige picha, usiwakaribie, usiulize maswali. Mtu wa kwetu anaelewa mambo ya jandoni bila kuelezwa. Nalisema kwa sababu simu imetufanya sote kuwa watalii.

Kulala na kula

Hapa hamna la kuumiza kichwa. Kote kuwili kuna misonge ya watu wawili, vyumba vya vitanda vingi, na pa kupiga hema. Choo na bafu kwa kawaida ni vya pamoja. Bei ni ya wasafiri wa mabegi mgongoni. Ziulize mapema, maana Julai wenyeji nao wana likizo ya shule. Chukua msonge wako mwenyewe kama usiku ni muhimu kwako: ukuta wa udongo ni mnene, unashika joto, na unasikia bahari tu. Beba sweta la kweli. Si shali, sweta.

Jioni za Mdumbi ni za meza ndefu, watu wakisimuliana wimbi la asubuhi kwa mikono, la kila mmoja limekua kwa nusu mita tangu mchana. Jioni za Bulungula ni za moto na ngoma, kisha giza zito lenye nyota nyingi mno. Mpenda mazungumzo atafurahi ya kwanza. Mimi ni wa pili, na hilo nalikiri lisije likadhaniwa ni hukumu.

Na Coffee Bay?

Iko katikati yao, wengi wataishia hapo, na si dhambi. Ina nyumba nyingi za wageni, walimu wa kuteleza kwa bei nafuu, wimbi laini kwenye ghuba, na safari ya miguu ya asubuhi moja hadi Hole in the Wall, jabali kubwa lililotobolewa na bahari. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ubao hata mara moja na anataka wenzake wa kucheka naye, pengine ni bora kuliko zote mbili. Lakini ina baa, ina kelele, na ina vijana watakaokufuata kukuuzia bangi kila hatua ishirini. Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi ya faragha mwaka 2018. Kununua na kuuza bado ni kosa. Binamu yangu alisema hataki muziki hadi alfajiri, kwa hiyo Coffee Bay kwake ni pa kupita.

Siku zake saba

Kama angekuwa anakwenda na mama yake, ningesema Bulungula tu, na farasi mpole. Kama angekuwa na wenzake watatu na mbao zao, Mdumbi tu. Kama angekuwa na mtoto mchanga ningemkumbusha kwamba hospitali ya kueleweka ni Zithulele, ambako kwa njia ile kutoka Bulungula si pa kukimbilia kwa dakika kumi, na ningemshauri asubiri mwaka mmoja.

Lakini yuko peke yake, ana miguu, na anaanguka zaidi kuliko anavyosimama. Basi: usiku nne Mdumbi. Mbili za mwanzo ataanguka, ya tatu atasimama, ya nne atajidai. Kisha aache mzigo mkubwa upelekwe kwa gari kama atapata wa kumpelekea, achukue mkoba mdogo na kijana wa kumwongoza, atembee kusini. Siku ya kwanza avushwe kwa mtumbwi mdomo wa Mto Mthatha na kulala Coffee Bay. Siku ya pili apite Hole in the Wall na kuendelea na ufuo hadi Bulungula. Usiku mbili zilizobaki amalizie huko, mwili ukiwa umechoka vya kutosha kukaa kimya. Asigeuze mpangilio huo. Ukianza na utulivu wa Bulungula utafika Mdumbi mvivu, na wimbi halimpendi mvivu.

Jambo la mwisho ni mto wenyewe. Ukitoka Coffee Bay, Mto Bulungula unaukuta mwishoni, loji ikiwa ng'ambo, karibu kiasi cha kunusa chakula. Maji yakipwa, watu huvuka kwa miguu. Yakijaa usijaribu kuogelea na mkoba mgongoni, hata ukiona watoto wanafanya. Angalia saa za maji kabla hujatoka Coffee Bay, na ukifika umechelewa, keti mchangani, vua viatu, upige mluzi. Mtu wa ng'ambo atakusikia, na kama hana haraka, na mara nyingi hana, atakuja na mtumbwi.